Tumpimeje Mtu wa Safu ya Mbele?

Shabiki wa raga nchini Kenya hahitaji kukumbushwa Singapore ya Aprili 2016: Kenya 30, Fiji 7, na taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia wa wachezaji saba. Mwezi uliofuata, jijini London, Collins Injera alizipita trai 230 za Mwajentina Santiago Gómez Cora na kuongoza orodha ya wafungaji wa trai wa msururu huo wa nyakati zote. Nambari hiyo ilisomwa redioni, ikaandikwa magazetini, ikakaa vichwani. Sasa muulize shabiki huyohuyo kuhusu Andrew Amonde, nahodha wa siku ile ya Singapore na mtu wa mbele. Aliingia mara ngapi kwenye lundo la miili kuukomboa mpira ili wenye mbio wapate wa kukimbia nao? Atakusifia moyo wa Amonde, na sifa zitakuwa za haki. Hesabu hatakupa.

Kwangu mimi hilo ni deni. Tunawapangia vijana mustakabali wao kwa nambari: nani aitwe timu ya kaunti, nani apewe nafasi ya masomo, nani aachwe basi likiondoka. Nambari tulizo nazo ni za wale wanaogusa mpira mwishoni. Propu, mtu wa safu ya mbele ya skramu, hasa yule wa shule ya mashambani, anaingia kwenye mizani hiyo akiwa hana kitu cha kuweka upande wake.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tatu ambazo mji kama Kathonzweni, Makueni, unazo. Wa kwanza ni kocha wa raga wa shule ya sekondari, aliyecheza propu ujanani. Wa pili ni mwalimu wa hisabati wa shule hiyo, mwanamke kijana aliyeanza kuandika kila skramu kwenye daftari. Wa tatu ni mama mkulima wa ndengu, ambaye mwanawe anavaa jezi nambari tatu, ya propu wa kulia. Wameketi hotelini karibu na soko, chai iko mezani, na timu ya kaunti imetangazwa bila jina la kijana huyo.

MWALIMU: Kocha, sina ugomvi na macho yako. Nina ugomvi na kumbukumbu ya binadamu. Mechi ikiisha unakumbuka skramu tatu: iliyoanguka, ile mliyosukumwa hadi mkaaibika, na ya mwisho. Zilizobaki zimekwenda na vumbi. Halafu unaketi na wenzako kuchagua timu.

KOCHA: Kumbukumbu yangu haiko kichwani, Mwalimu, iko shingoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wanane wanasukuma, wanane wanawajibu, na uzito wote unapita mabegani mwa watatu wa mbele. Propu wa kulia kichwa chake kimebanwa katikati ya vichwa viwili vya wapinzani. Akisimama imara, mpira unatoka nyuma, mtu wa tisa anauokota, mchezo unaendelea. Hapo utaandika nini? Kwamba hakuna kilichotokea? Hilo la kutotokea kitu ndilo kazi yake yote.

MWALIMU: Umelisema tatizo vizuri kuliko vitabu. Na hatukuanza sisi kusumbuka nalo. Katika futiboli ya Marekani timu inayoshambulia ina watu watano wa safu: senta, magadi wawili, matakeli wawili. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kupokea pasi. Wanazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, mrusha pasi wao, na wanamfungulia njia anayekimbia na mpira. Kwa miongo mingi kitabu cha takwimu cha ligi yao, NFL, hakikuwa na la kusema juu yao. Hata wanaopambana nao walisahauliwa: kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira kulianza kuandikwa rasmi kwa jina la mchezaji mmojammoja mwaka 1982. Deacon Jones, aliyetetemesha ligi miaka ya 1960, alikuwa ameshastaafu. Kwenye kitabu rasmi hana hata moja.

MAMA: Kwa hiyo alifanya kazi, na kazi haipo?

MWALIMU: Ilikuwepo, Mama, ila haikuandikwa. Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za mechi za zamani, wakahesabu upya tangu mwaka 1960. Mwaka 2021 hesabu hiyo ilitolewa hadharani, ingawa ligi haijaipa muhuri.

Swali la Mama ningependa kila kocha alisikie. Kuna watu ambao kazi yao, isipoandikwa, huishi tu kadiri wanavyoishi walioiona. Lakini kocha naye hakuwa amemaliza, na hoja yake iliyofuata ndiyo nzito zaidi aliyoitoa siku hiyo.

KOCHA: Basi nikupe mtu mwenye damu ya Afrika Mashariki. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu na kuuawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Kijana huyu alichaguliwa na New York Giants raundi ya kwanza mwaka 2006, kazi yake kumwinda kwotabeki. Novemba mwaka huohuo Giants wanaongoza Tennessee Titans 21 kwa 0 wakiingia robo ya mwisho. Titans wanafufuka. Kwenye jaribio lao la nne, la mwisho, Kiwanuka anapita ukuta, anamkumbatia kwotabeki Vince Young, amemshika kabisa. Akidhani mpira umeshatoka mkononi, anamwachia. Young anakimbia na mpira wake, Titans wanaendelea, wanashinda 24 kwa 21. Mwalimu, daftari lako linasema nini juu ya Kiwanuka pale? Linasema sifuri. Lakini kuupita ukuta ule alikuwa ameupita! Mguu sawa, mkono sawa, bega sawa. Kilichoharibika ni sekunde moja mwishoni. Na siku nyingine mtu hapiti popote, kwotabeki mwenyewe anazubaa, anakuja kuanguka mikononi mwake, daftari linampa moja kamili.

MWALIMU: Hapo umenisaidia kuliko unavyojua. Tukio la mwisho ni kipimo kibaya kwa sababu limebeba kazi za watu wengi na bahati juu yake. Wenzetu wa Marekani waliliona hilo wakashuka ngazi moja chini. Siku hizi mabegani mwa kila mchezaji wa ligi ile kuna kifaa kinachotuma mahali alipo mara 10 kwa sekunde. Kwa data hiyo, ESPN walianza mwaka 2018 kuuliza swali dogo: huyu mzuiaji amemshikilia mpinzani wake kwa sekunde 2.5? Akimshikilia, ameshinda. Asipomshikilia, ameshindwa, hata kama kwotabeki baadaye alitupa mpira na shangwe zikapigwa. Kwa kipimo cha namna hiyo, Kiwanuka wa siku ile angepewa haki yake ya kumpita mtu, na kosa la kumwachia Young likaandikwa mahali pake.

KOCHA: Na kwa anayekimbia na mpira?

MWALIMU: Hapo kuna hesabu niipendayo, ya Aaron Schatz na wenzake walipokuwa Football Outsiders. Mkimbiaji akipata yadi, wanagawa sifa. Yadi 4 za kwanza ni za safu ya mbele kikamilifu. Kuanzia ya 5 hadi ya 10, nusu ni ya safu. Kuanzia ya 11 kwenda mbele, safu haipati kitu, kwa kuwa huko mkimbiaji yuko peke yake na miguu yake. Akikamatwa nyuma ya mstari wa kuanzia, lawama ya safu inaongezwa kwa asilimia 20. Kwa hiyo mbio za yadi 20 zinawapa watu wa safu 4, jumlisha nusu ya 6, yaani 7. Mbio za kurudi nyuma yadi 2 zinawagharimu 2.4. Nimewafundisha Kidato cha Tatu asilimia kwa mfano huu, na hakuna aliyesinzia.

KOCHA: Saba hizo ni za nani kati ya wale watano?

Mwalimu alinyamaza, na nadhani kunyamaza kwake ni kwa heshima ya swali. Hesabu ya Schatz inapima ukuta, haipimi tofali. Mtu mmoja kati ya watano akiteleza, wanne waliofanya kila kitu sawa wanaandikiwa hasara pamoja naye. Katika skramu hali ni mbaya zaidi, maana wanane wamefungamana mwili kwa mwili. Refa akipuliza adhabu kwa kuangusha, anamnyooshea propu kidole, na huenda aliyelegea ni mtu wa safu ya pili aliyeacha kumsukuma kwa nyuma. Refa amesimama upande mmoja. Wa upande wa pili anaweza kuvuta jezi ya mwenzake chini, na adhabu ikaenda kwa aliyevutwa.

MWALIMU: Ndiyo maana wapo walioamua kuangalia kila mtu, kila mara mpira unapoanzishwa, kwa macho. Pro Football Focus ilianzishwa na Neil Hornsby, Mwingereza, akiwa hukohuko Uingereza, mbali na viwanja vya Marekani. Wanatazama video, kila mchezaji anapewa alama kila mara hiyo, kuanzia -2 hadi +2, nusunusu. Leo klabu zote 32 za ligi ni wateja wao. Nataka usikie hilo, Kocha: mtu aliyekaa mbali, bila kibali cha klabu yoyote, alianza kwa kutazama kwa nidhamu na kuandika. Sisi tuna simu. Mwanafunzi mmoja akisimama nyuma ya nguzo za goli na mwingine pembeni, tuna pande mbili za kila skramu.

KOCHA: Na huyo anayetazama kutoka mbali anajuaje nilichomwagiza kijana? Wiki iliyopita nilimwambia nambari tatu asisukume kabisa. Akae chini, ashikilie, tutoe mpira haraka, kwa sababu wale walituzidi uzito. Mwenye video angeandika kwamba propu wetu hakusonga hata hatua. Mimi nilimpigia makofi. Huko Marekani ni vilevile: gadi anamsukumia jirani yake mpinzani, jirani anachelewa kumpokea, mtazamaji anamlaumu gadi. Makocha wao wamelalamika juu ya hilo miaka na miaka.

MWALIMU: Hilo nakubali. Alama bila maagizo ni kukisia.

MAMA: Mimi naomba niulize la shambani. Marehemu baba yangu alichimba matuta ya fanya juu kwenye mteremko wetu, kwa jembe na sepetu, msimu baada ya msimu. Mvua ya Novemba ikishuka kwa nguvu, udongo wetu unabaki. Anayepita barabarani haoni kitu. Anaona shamba tu. Angeona korongo kama matuta yasingekuwepo. Sasa udongo ambao haukuondoka, mnaupimaje?

MWALIMU: Waliupima, Mama, na ni hapahapa kwetu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos, na Machakos waliyoichunguza ilikuwa na Makueni ndani yake, maana tulitengwa kuwa wilaya mwaka 1992 tu. Walichukua picha za miaka ya 1930, ardhi ikiwa imechanika, wakaziweka kando ya picha mpya za milima ileile. Watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa na mmomonyoko umepungua. Hawakukamata kila tone la maji. Walilinganisha palipo na kazi na pasipo na kazi. Kwa mwanao nafanya hivyohivyo: skramu zetu akiwa ndani, na skramu zetu akiwa nje.

KOCHA: Alipokuwa nje kwa jeraha la bega tulicheza na nani? Na shule mbili dhaifu kuliko zote kwenye ratiba. Ukilinganisha hivyo, utagundua timu ni bora bila yeye! Hesabu itakuwa sahihi na kijana atakuwa ameonewa.

Nilifurahi kocha alipolisema hilo mwenyewe, kwa sababu ni kosa ambalo hata wenye kompyuta kubwa hulifanya. Ulinganisho unadai vitu vinavyolingana. Watafiti wa Machakos walisimama mahali palepale pa picha ya zamani. Mwalimu naye inambidi apate mpinzani yuleyule, au wa nguvu iliyo karibu, la sivyo anapima ratiba ya mechi badala ya propu. Kisha kuna uchache. Tuseme timu imesimama imara katika skramu 9 kati ya 12 wiki hii, na 7 kati ya 12 wiki ijayo. Kocha mwenye hasira ataona kushuka. Ukweli ni kwamba tofauti ya mbili katika kumi na mbili inaweza kuletwa na nyasi zilizolowa, mpira ulioingizwa kombo, au bahati tupu. Raga ya wachezaji 15 shuleni huchezwa muhula wa kwanza, mechi chache, kisha msimu umekwisha. Kwa idadi hiyo daftari linaweza kutuonyesha pa kutazama. Hukumu haliwezi kuitoa.

MWALIMU: Lakini kuna nambari moja ambayo hamtaipinga. Joe Thomas alikuwa takeli wa kushoto wa Cleveland Browns kuanzia 2007. Timu yake ilishindwa karibu kila mwaka, makwotabeki walikuja na kuondoka, hakucheza hata mechi moja ya mchujo. Ukimpima kwa ushindi wa timu, hayupo. Lakini alikuwa uwanjani kila timu yake ilipoanzisha mpira, mara 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, hadi msuli wa mkono ulipochanika mwaka 2017. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo. Nambari ile haikupitia mguu wa mkimbiaji wala mkono wa kwotabeki. Ni yake mwenyewe.

KOCHA: Hiyo naipokea. Kuwepo ni kazi.

MAMA: Wangu hajakosa mazoezi tangu Kidato cha Kwanza, isipokuwa kwa lile bega. Anatembea kutoka Mavindini. Hilo liko kwenye daftari gani?

Halikuwepo. Mwalimu aliandika hapohapo.

KOCHA: Mimi ninachoogopa ni kitu kingine. Wakija watu kutafuta vipaji, hawaji na daftari la Mwalimu. Wanakuja na futi ya kupimia. Urefu wa mkono, uzito, mara ngapi unanyanyua chuma cha kilo 102 ukiwa umelala chali. Kijana anageuzwa ng'ombe wa mnadani. Tazama Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kufika NFL. Raga alikuwa ameicheza hadi Afrika Kusini, mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo. Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013, akacheza mechi chache, kufikia 2015 yamekwisha. Vipimo vya mwili vilikuwa vizuri mno. Ufundi wa mchezo ule hukuzwa tangu utotoni, na yeye alitakiwa aupate ukubwani kwa miezi.

MWALIMU: Na Jordan Mailata je? Kijana wa Sydney, wa raga ya ligi, hakuwahi kucheza futiboli ya Marekani hata siku moja. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 raundi ya mwisho, wa 233. Akawa takeli wao wa kushoto, na Februari 2025 alishinda Super Bowl.

KOCHA: Mailata alimpata Jeff Stoutland, kocha wa safu, aliyemfundisha tangu namna ya kuweka mguu. Futi ilimfikisha mlangoni. Ndani aliingizwa na mwalimu.

Hapa nasema langu. Niko upande wa daftari. Katika nchi ambayo kijana wa Kathonzweni hana binamu kwenye kamati ya uteuzi, daftari ndilo shahidi pekee asiyeweza kuitwa kando na kunong'onezwa. Kocha mwadilifu kama huyu wetu hatadumu milele, na atakayemfuata huenda asiwe na shingo iliyowahi kubanwa kwenye skramu. Lakini sharti la kocha lazima litimizwe kwanza: kazi aliyopewa mtu iandikwe kabla ya mechi, kwa mkono wa aliyempa, ndipo mwenye kuhesabu ahesabu. Hesabu isiyoijua kazi hupima kitu kingine kabisa na kukibandika jina la propu. Bila agizo la kushikilia tu, kijana aliyeshikilia ataonekana ameshindwa kusukuma. Na hilo halihitaji vifaa vya mabegani wala fedha za Marekani. Linahitaji safu moja zaidi kwenye ukurasa, na kocha aliye tayari kujifunga kwa maneno yake mwenyewe kabla matokeo hayajajulikana. Nina hakika hili la mwisho ndilo gumu zaidi. Wengi tunapenda kueleza mpango wetu baada ya kushinda.

Mwalimu alichora mistari upya: agizo, mpinzani wa ana kwa ana, alisimama au hakusimama, nani alianza kuanguka, mpira ulitoka safi au la. Kocha alisoma, akaomba iongezwe hali ya uwanja. Walikubaliana kila skramu itazamwe na watu wawili wasioulizana, na wakitofautiana, video iamue. Walipofika kwenye suala la vijana kuonyeshwa alama zao, makubaliano yaliishia hapo.

KOCHA: Wasione. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mwenye alama ndogo ataanza kusukuma kwa ajili ya daftari, aache kusukuma kwa ajili ya mwenzake.

MWALIMU: Kocha, mtihani wa hisabati nasahihisha na kurudisha. Nikiuficha, amejifunza nini?

KOCHA: Mtihani anaufanya peke yake. Skramu si ya mtu mmoja.

Mimi ningemwonyesha kila kijana ukurasa wake, ana kwa ana na kocha, na nisingebandika chochote ukutani. Kocha hakukubali hata hilo. Mama alikuwa ameshasimama, mkoba begani, maana matatu ya Wote ilikuwa inajaza.

MAMA: Mimi na mwanangu hatuombi aitwe timu ya kaunti kwa huruma. Msimu ujao mkimwacha tena, nileteeni ukurasa mnionyeshe ni skramu gani.